Somo: Kutafuta utafiti wa tiba ya saratani ya tezi ya shingo ukiwa Mtwara au Lindi

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Somo hili niliahidi kulitoa kabla watu hawajaanza kuokota korosho, na sasa maghala yameshajaa. Mnisamehe. Wenzetu wanne wa kundi hili wameniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: tunasikia kuna dawa mpya za saratani ya tezi zinajaribiwa huko duniani, mgonjwa wa huku kwetu Kusini anaingiaje?

Kwa wageni: mimi si daktari wala muuguzi. Ni mwalimu mstaafu, nakaa Mtwara mjini. Mwaka 2017 niliondolewa tezi yote, kovu ninalo shingoni kama mkufu, halafu nikanywa dawa ya mionzi Dar es Salaam. Baada ya miaka miwili kipimo cha damu kikaanza kupanda, nikahangaika kutafuta utafiti. Nilikataliwa mara mbili, mara ya tatu nikakataa mwenyewe. Kwa hiyo mnafundishwa na mtu ambaye hajaingia hata mmoja, ila milango nimeigonga na najua kila mmoja unafunguliwa na nini.

Ninaposema utafiti hapa sina maana ya vijana wanaopita nyumba kwa nyumba na madodoso. Nasema majaribio ya tiba kwa watu wanaoumwa.

Kabla ya hatua yoyote: utafiti ni swali

Hili ndilo wengi hatulijui. Tunadhani utafiti ni mahali pa kugawiwa dawa mpya. Sivyo. Utafiti ni swali ambalo madaktari hawana jibu lake, na wewe unaombwa usaidie kulijibu. Ukishajua swali ni lipi, mengine yote yanaeleweka: kwa nini wanakutaka wewe, kwa nini wanamkataa jirani yako, kwa nini unapimwa damu kila baada ya wiki mbili.

Nitoe mfano. Uingereza waliwahi kufanya utafiti ulioitwa HiLo, matokeo yakatoka mwaka 2012. Waligawa wagonjwa 438 waliokwisha kupasuliwa: baadhi wakapewa dozi kubwa ya madini joto yenye mionzi, baadhi dozi ndogo isiyofika hata theluthi ya ile kubwa. Swali lao kubwa lilikuwa hili: je, dozi ndogo inatosha kusafisha mabaki ya tezi? Jibu likawa inatosha, na madhara yake ni machache. Hapakuwa na dawa mpya hata moja pale. Lakini mgonjwa anayepewa dozi ndogo leo, akakaa siku chache kwenye chumba cha peke yake, anakula matunda ya wale 438.

Kwa hiyo swali lako la kwanza popote utakapokwenda liwe hili: mnataka kujua nini?

Hatua ya kwanza: karatasi ya patholojia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoangukia mimi.

Baada ya upasuaji, tezi yako au kinyama kilichochukuliwa hupelekwa maabara, mtaalamu wa patholojia akakiangalia kwa hadubini na kuandika ripoti. Wengi wetu hatujawahi kuiona. Tunaambiwa "ni saratani, utakwenda Dar", tunabeba barua ya rufaa, basi. Ile ya kwangu ilikuwa mstari mmoja na nusu: saratani ya tezi ya shingo, imeondolewa. Ni sawa na kumwambia fundi kwamba gari limeharibika.

Saratani ya tezi si moja. Iko papilari, ndiyo ya wengi, kwa kawaida inakwenda polepole na tiba yake inajulikana. Iko folikulari, ambayo huonekana zaidi sehemu ambazo watu wamekosa madini joto kwa muda mrefu. Nyie mnaokumbuka chumvi ya mawe tuliyokuwa tukinunua kwa kopo kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi, isiyowekwa chochote, mtanielewa kwa nini nalitaja hilo. Iko medula, inayotoka kwenye seli za aina nyingine kabisa, na baadhi ya watu wameirithi. Na iko anaplastiki, hiyo ni adimu lakini ni moto wa kifuu, shingo inavimba ndani ya wiki chache. Kila utafiti unataja aina yake. Ukiandikiwa "saratani ya tezi" tu, hakuna atakayekupokea.

Kwa hiyo nenda ulikopasuliwa, omba nakala ya ripoti kamili. Iwe na aina, ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, kama ulikuwa umetoka nje ya tezi, matezi madogo mangapi ya shingoni, yale ya limfu, yalichunguzwa na mangapi yalikutwa na ugonjwa.

Halafu uliza kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: kile kinyama chenyewe kiko wapi? Maabara hawakitupi. Hukigandisha ndani ya nta, kikakaa kwenye kijisanduku cha plastiki, bapa, kidogo kuliko kiberiti, kimeandikwa namba pembeni. Tafiti nyingi za siku hizi hukitaka hicho, wakate kipande chembamba wapime vinasaba, waone kama kuna badiliko kwenye vinasaba viitwavyo BRAF au RET ambalo dawa yao inalilenga. Mimi nilipoombwa, nilirudi kwenye hospitali niliyopasuliwa. Daftari lilionyesha namba yangu. Kabati likafunguliwa, vijisanduku vimepangwa kwa mwaka, 2015, 2016, kisha 2018. Mwaka wangu haukuwepo. Walikuwa wamehama jengo. Nilikaa kwenye benchi pale nje mpaka chai ya saa nne ikapita. Huko ndiko kukataliwa kwangu kwa kwanza. Dawa waliyokuwa wakiijaribu sikufika hata kuiuliza.

Wewe andika namba ya kijisanduku chako leo, hata kama huumwi chochote sasa.

Karatasi nyingine za kukusanya: barua ya upasuaji, kiasi cha dawa ya mionzi uliyokunywa na tarehe zake, majibu yote ya damu hasa thairoglobulini, kipimo kinachoangaliwa kujua kama ugonjwa umebaki au umerudi (kwa medula ni kalsitonini), na picha za CT pamoja na CD zake, si maelezo peke yake. Ziweke kwa kufuata tarehe.

Hatua ya pili: jua uko wapi na ugonjwa wako

Muulize daktari wako mambo matatu, uandike majibu kwa maneno yake.

La kwanza, je, ugonjwa uliobaki bado unanyonya madini joto? Saratani ya papilari na folikulari hutibiwa kwa ayodini ya mionzi, yaani hayo hayo madini joto, kwa sababu seli za tezi zinaipenda ayodini. Zikiacha kuinyonya, dawa ya mionzi inapita kama maji juu ya jani la myugwa. Tafiti nyingi za vidonge vipya ni za watu waliofika hapo tu. Mara ya pili nilikataliwa kwa sababu hii: ya kwangu ilikuwa bado inanyonya. Nilirudi nyumbani nimenuna, mpaka binti yangu akaniambia, "Mama, umekataliwa kwa kuwa tiba ya kawaida bado inakufaa, unalia nini?"

La pili, je, ugonjwa unakua? Wanalinganisha picha ya zamani na mpya. Uvimbe uliokaa milimita zilezile mwaka mzima hauna haraka ya kumezewa dawa kali.

La tatu, nguvu zako. Unajihudumia mwenyewe? Unashinda kitandani? Hili nalo lina alama zake na watafiti wanaliangalia.

Hatua ya tatu: kutafuta kwenyewe

Kuna daftari mbili kubwa za bure kwenye intaneti. Moja ni ya Afrika, inaitwa PACTR, inatunzwa Cape Town. Nyingine ni ClinicalTrials.gov ya Marekani, imefunguliwa tangu mwaka 2000 na inaandikisha tafiti za dunia nzima. Zote ni za Kiingereza, kwa hiyo mwite kijana wa nyumbani akae karibu. Andika thyroid cancer kwenye sehemu ya ugonjwa, chagua nchi, halafu angalia hali ya utafiti. Likiandikwa neno Recruiting, wanapokea watu. Likiandikwa Completed, umekwisha, usipoteze bando.

Kila utafiti una namba. Za Marekani huanza na herufi NCT zikifuatwa na tarakimu nane, za Afrika huanza na PACTR. Namba hiyo ndiyo uishike. Mtu akikutumia habari ya dawa ya ajabu kwenye simu, mwambie akupe namba. Akikosa, maliza mazungumzo.

Nisiwadanganye: tafiti nyingi za saratani hii ziko Marekani, Ulaya na China. Anza kwa kuchagua Tanzania, kisha Kenya na Afrika Kusini, kabla hujaota ndege. Rudia kila miezi mitatu, maana orodha hubadilika.

Hatua ya nne: soma nani anatakiwa na nani hatakiwi

Chini ya kila utafiti kuna orodha mbili, wanaofaa na wasiofaa. Wengi huisoma ya kwanza, wakaruka ya pili. Anza na ya pili. Presha isiyodhibitiwa, ujauzito, kunyonyesha, saratani nyingine ndani ya miaka mitano, dawa fulani uliyomeza mwezi uliopita: moja tu likikugusa, funga ukurasa.

Hatua ya tano: pita kwa daktari wako

Usimruke. Awe wa Ligula, wa Sokoine pale Lindi, wa Ndanda, wa Nyangao au wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, yeye ndiye atakayeandika barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, na watafiti wataamini barua yake kuliko maneno yako. Mpelekee ukurasa uliochapishwa, wenye namba, si kumsimulia. Daktari ana wagonjwa sitini nje ya mlango. Karatasi moja ataisoma usiku.

Ukiandika mwenyewe kwa watafiti, weka umri, jinsia, aina ya saratani, mwaka wa upasuaji, dozi za mionzi, majibu ya mwisho na mji unaokaa. Jina kamili, namba ya NIDA na picha za shingo subiri mpaka wamejibu na umejua ni nani.

Hatua ya sita: hakikisha ni wa halali

Utafiti wowote wa kujaribu tiba kwa watu Tanzania Bara lazima uwe na kibali cha maadili cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kama ni wa dawa, unahitaji pia idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Omba kuona cheti. Vya NIMR namba zake huanza na NIMR/HQ/R.8a. Mtafiti wa kweli hakasiriki ukiuliza. Wengine hufurahi kabisa.

Hatua ya saba: fomu ya ridhaa

Fomu itakuwa ya Kiswahili, kurasa kumi, kumi na tano. Usiisaini siku hiyohiyo. Ichukue nyumbani, isome na mtu, andika maswali pembeni kwa penseli. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi, kisha anaweka dole gumba, na nakala moja ni yake.

Maswali yangu mimi huwa haya. Mnataka kujua nini? Nisipoingia nitapata tiba gani? Nani analipia vipimo, na vipi vitakuwa juu yangu au juu ya bima? Nikidhurika saa nane usiku nikiwa Nanyamba, nampigia nani? Damu yangu na kile kijisanduku cha nta vitasafirishwa nje ya nchi? Dawa ikinifaa, utafiti ukiisha nitaendelea kuipata au mtanikatia? Hilo la mwisho waulize mara mbili, na jibu waliandike.

Na jueni kwamba unaweza kutoka wakati wowote, bila kutoa sababu, na tiba yako ya kawaida isiguswe. Ila dawa usiiache kimyakimya. Toa taarifa, maana nyingine hazikatwi ghafla.

Hatua ya nane: safari

Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Utafiti una tarehe zake, mara nyingi wanakuruhusu kupishana siku mbili tatu tu. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ikakatika kule Somanga na mabasi yakalala njiani? Mgonjwa aliye kwenye utafiti wakati kama huo anahitaji namba ya muuguzi wa utafiti mfukoni, apige mapema, wampangie upya au wamwelekeze pa kupimwa damu hukuhuku. Ulizeni kabla: nauli ya kwenda na kurudi inalipwa? Ya msindikizaji je? Pa kulala? Na mahudhurio ya Oktoba hadi Desemba yapangwe mkijua ni msimu, maana mtu hawezi kuacha korosho chini ya mti na mnada ni kesho.

Hapa ndipo nilipokataa mwenyewe. Nilikubaliwa, nchi ya mbali, kuhudhuria kila baada ya wiki mbili, chumba juu yangu. Nikauliza swali langu la pili, nisipoingia je? Daktari wa huko akasema kwa hali yangu ya wakati ule angenisubirisha tu na kunipima. Nikamshukuru.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Tandahimba: Shikamoo mwalimu. Mimi nimekubali kujaribu, ila mjomba amekataa katakata. Anasema hatatoa mtoto wa dada yake akafanyiwe majaribio kama panya. Bila mjomba mimi sina pa kusimamia. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Kisheria umeshavuka miaka 18, saini ni yako peke yako, mjomba hawezi kukusainia wala kukuzuia. Lakini wote hapa ukoo tunaufuata kwa mama, tunajua mjomba ni nani. Mimi ningemchukua niende naye. Watafiti wanakubali uje na mtu, na aulize yeye. Wazee wetu wakisikia neno majaribio wanakumbuka hadithi za mumiani, na huwezi kumtoa mtu hofu hiyo kwa simu. Mpe fomu asome, muonyeshe ukurasa unaosema unaweza kutoka siku yoyote. Akikataa bado, uamuzi ni wako, na angalau atakuwa amekataa akiwa anajua anakataa nini.

Baba wa Nachingwea: Hivi ni kweli wengine wanapewa kidonge kitupu? Mtu ana saratani unampaje unga?

Ni kweli kwenye baadhi ya tafiti, kinaitwa plasebo. Lakini hawatakiwi kukupa plasebo peke yake mahali penye tiba inayojulikana kukufaa. Chukua utafiti wa dawa ya lenvatinib, uliotoa matokeo mwaka 2015. Walikuwa wagonjwa 392 ambao madini joto ya mionzi yalikuwa hayawasaidii tena. Watu 261 walipewa dawa, 131 plasebo, kwa bahati nasibu ya kompyuta. Kwa waliopata dawa, ugonjwa ulitulia kwa wastani wa kati wa miezi 18.3, wa plasebo miezi 3.6. Na wale wa plasebo, ugonjwa ulipoendelea, waliruhusiwa kuhamia kwenye dawa. Sasa nikupe upande wa pili pia: dawa hiyo inapandisha sana presha, na vifo 6 vya waliokuwa wakiimeza vilihusishwa nayo. Ndiyo maana wanakupima kila mara. Tafiti nyingine hazina plasebo kabisa. Ule wa selpercatinib kwa saratani ya medula uliilinganisha na dawa mbili ambazo tayari zinatumika.

Mwanachama wa Kilwa Masoko: Nimetumiwa ujumbe kwamba nimechaguliwa kwenye utafiti wa saratani ya shingo India, nitume laki mbili na nusu za kujiandikisha kabla ya Ijumaa.

Kaka, usitume hata mia. Utafiti wa kweli hautozi ada ya kujiandikisha, wala haumchagui mtu ambaye hawajaona karatasi zake. Na hiyo "kabla ya Ijumaa" ndiyo harufu yenyewe. Uliza namba ya NCT au ya CTRI, ambayo ndiyo daftari ya India, utaona wanavyopotea.

Mama wa Mikindani: Mimi nina goita tangu nikiwa msichana, haiumi. Niingie utafiti gani?

Dada yangu, wewe bado hujafika kwenye somo hili, na Mungu akuzuie usifike. Goita nyingi si saratani. Ila ikikua haraka, sauti ikakwaruza, ukashindwa kumeza tonge au ukaona tezi gumu pembeni ya shingo, nenda upigwe picha ya ultrasaundi, na daktari akiona haja atachukua seli za uvimbe kwa sindano nyembamba. Haina kupasuliwa, ni kama kuchanjwa. Usikubali kukandwa shingo na mtu.

Kijana wa Masasi: Baba alifariki na uvimbe shingoni, hatukujua ni nini. Sasa mimi nimeambiwa medula. Mke wangu ameniambia tusizae tena. Utafiti unaweza kunisaidia?

Pole sana mwanangu. Kwanza, medula hainyonyi madini joto, kwa hiyo akikwambia mtu ukanywe dawa ya mionzi, muulize kwa nini. Pili, karibu robo ya wagonjwa wa medula wameirithi, kupitia kinasaba cha RET. Daktari wako aulize Dar es Salaam namna ya kupata kipimo hicho, kwa ajili ya matibabu yako na kwa ajili ya watoto ulionao, maana mtoto aliyerithi anaweza kuokolewa mapema kwa kuondolewa tezi. Habari ya kuzaa msiiamue jikoni kabla ya majibu. Na ndugu wa baba mzazi waambie, hata kama mligombana kwenye mirathi.

Mwanachama wa Lindi mjini: Mama yetu ameambiwa anaplastiki wiki iliyopita. Tusubiri barua ya rufaa?

Msisubiri chochote. Hii haina mambo ya kurudi kila miezi mitatu. Barua ifuatiliwe kwa miguu leo, mtu mmoja aondoke na mgonjwa, mwingine abaki anapiga simu. Uhakika wa njia ya hewa ndio wa kwanza. Muombe daktari kama BRAF inaweza kupimwa: mwaka 2018 Marekani walikubali dawa mbili za pamoja, dabrafenib na trametinib, kwa wenye badiliko hilo, kwa kuangalia wagonjwa 23 tu, kwa kuwa ugonjwa ni adimu, na 14 kati yao uvimbe ulipungua. Si ahadi, ila ni jambo la kuuliza. Na muulizeni mama mwenyewe anataka nini, akiwa bado anaweza kusema. Nitakupigia jioni.

Dada wa Msimbati: Kwenye utafiti wa dawa ya mionzi nimeambiwa nisile vyenye madini joto wiki mbili. Huku kwetu tutakula nini? Kila kitu ni samaki!

Hapo umenichekesha na umenikumbusha. Mimi wiki mbili zile nilikuwa napita sokoni nimeziba pua nisisikie harufu ya ngisi. Acha samaki wote wa baharini, pweza, dagaa, kamba, maziwa, mayai, na chumvi yenye madini joto. Chumvi ya bahari isiyowekwa kitu nayo hospitali nyingi huizuia, kwa hiyo uliza kabla ya kuchota. Vinavyobaki: ugali, wali, viazi, maharage ya kuchemsha mwenyewe, mboga mbichi, matunda, nyama kidogo, na korosho zisizotiwa chumvi, hizo kula ushibe. Kingine: usipigwe CT yenye dawa ya kung'arisha picha bila kuwaambia. Dawa ile imejaa ayodini, inaweza kukusogeza mbele mwezi mmoja, miwili au zaidi. Na vidonge vya homoni, vile unavyomeza badala ya tezi, usiviache kwa kujiamulia. Watakwambia wao viachwe lini, kama vinaachwa.

Mjukuu anayemuuguza bibi, Ruangwa: Bibi hajui kusoma, na simu yangu haifungui hizo kurasa. Ndiyo basi?

Siyo basi. Piga picha ripoti yake ya patholojia, funika jina kwa kidole, unitumie. Mimi na binti yangu tutatafuta Jumapili baada ya misa. Bibi mwambie shikamoo.

Mwanachama wa Newala: Mwalimu, hukutuambia. Kipimo chako cha damu kiliishia wapi?

Baada ya kukataliwa mara ya pili nilipewa dozi nyingine ya mionzi, si ugonjwa ulikuwa bado unanyonya? Kilishuka, hakikufika sifuri, kikatulia hapohapo. Napimwa kila baada ya miezi sita. Zamu yangu ni mwezi wa pili, basi la saa kumi na mbili asubuhi, nimeshaomba kiti cha dirishani.